Nani anamgeuza usiku?

Sinema ya Kifaransa iitwayo Intouchables wengi wenu mmekwisha kuiona, pengine nyumbani kwa rafiki, pengine katika kile chumba cha mtaani ambamo mtoto hutoa franka kidogo akakaa chini. Ilitoka mwaka 2011. Katika Ufaransa peke yake watu zaidi ya milioni 19 walinunua tikiti ili waione. Kwetu Kalemie inapita toka komputa hata komputa, nayo ingali inachekesha. Mimi pia niliicheka mara tatu. Mara ya nne niliitazama pamoja na jirani yangu, na hapo nikaacha kucheka mahali fulani. Ndipo mahali ninapotaka kupaeleza.

Jirani huyo namwita Yaya, maana amenipita miaka sita. Yeye huniita Mwalimu, hata tukigombana. Miaka tisa iliyopita alianguka toka juu ya lori lililotoka Nyunzu na magunia ya mahindi. Alikuwa amekaa juu ya mzigo, kama tukaavyo wote tusio na feza ya kukaa mbele. Tangu siku ile hana nguvu wala hisia toka kitovuni hata vidole vya miguu. Basi picha ilipokwisha hakusema neno juu ya ngoma wala juu ya motokari nzuri. Aliuliza: «Mwalimu, yule tajiri, nani anamgeuza usiku?»

Sikuwa na jibu. Nikairudia sinema peke yangu, kalamu mkononi. Driss, yule kijana mtumishi, ana chombo cha kusikilizia karibu na kitanda chake, kama kile cha watoto wachanga, naye akiitwa anakuja. Lakini mikono inayomgeuza Philippe saa nane za usiku, na saa kumi tena, hatuioni.

Mtu asiyejua atasema: hilo ni jambo dogo. Tusidanganyane. Ndani ya mifupa ya mgongo inapita kamba laini inayopeleka amri za akili kwenye viungo na kuleta habari za viungo kwenye akili. Ikikatika au ikipondeka, haiungiki tena kama mfupa uungikavyo. Miguu inalala, hayo kila mtu anayaona. Yasiyoonekana ni mengine. Kibofu hakisemi tena kwamba kimejaa. Matumbo hayasikii amri. Ngozi ya matako na ya visigino haisemi kwamba imechoka kulaliwa, nayo ngozi inayolaliwa bila kupumzishwa inakufa, ikafanya kidonda, na kidonda kinashuka hata mfupani. Zamani watu wengi waliovunjika hivi walikufa kwa miezi au kwa miaka michache. Hawakuuawa na jeraha lenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulalia na ugonjwa wa figo uletwao na mkojo. Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville katika Uingereza, mganga Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alipewa kuwatunza askari wa namna hiyo. Moja katika dawa zake kubwa halikuwa dawa: ni amri kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, pasipo kuruka hata mara moja. Tarehe 29 Julai 1948 watu 16 wa namna hiyo, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kupiga mishale wakiwa katika viti vyao, siku ileile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London. Watu husimulia sana mishale ile. Lakini asiyegeuzwa usiku hafiki kwenye mishale.

Sasa turudi kwa sinema yetu. Hadithi yake mnaijua. Philippe ni tajiri wa Paris aliyevunjika shingo alipokuwa akiruka toka mlimani kwa mwavuli. Driss ni kijana aliyetoka Senegal, mkaaji wa mitaa ya maskini. Anakuja kutafuta sahihi tu ili aendelee kupata posho ya wasio na kazi, akaachiwa kazi mikononi. Omar Sy anamcheza Driss kwa furaha kubwa, akapewa César ya mwaka 2012. François Cluzet anamcheza Philippe, naye afanya kazi ngumu zaidi, maana ana uso tu wa kusemea. Nyuma yao kuna watu wa kweli. Philippe Pozzo di Borgo, aliyevunjika mwaka 1993 na kufariki mwaka 2023, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 2001. Na msaidizi wake, Abdel Sellou, hakutoka Senegal bali Algeria.

Kuna mazuri ambayo sitayakana. Driss anakataa kumpakia bwana wake nyuma ya gari kubwa kama farasi. Anamkalisha mbele, katika motokari ya watu wazima. Hapo sinema imesema neno la kweli, na kila mtu anayebebwa kama gunia ameielewa. Tena kuna usiku ule Philippe anapoamka akihema kwa maumivu yasiyo na mahali, naye Driss anampeleka nje kandokando ya mto ili apumue. Maumivu hayo ni ya kweli. Mtu asiyesikia moto kwenye mguu wake aweza kuusikia mguu huohuo ukiungua usiku bila moto wowote. Watengenezaji wa sinema, Olivier Nakache na Éric Toledano, walilijua hilo, nasi tuwashukuru.

Lakini angalieni chai. Driss haamini kwamba Philippe hasikii, basi anammwagia chai ya moto mguuni, tena na tena, huku sisi tukicheka. Nilipofika hapo nilimtazama Yaya. Hakuwa anacheka. Akavuta suruali akanionyesha kovu la kifundo cha mguu. Mwaka juzi aliuweka mguu karibu na mbabula akiongea na wageni, asijue lolote hata harufu ilipowashtua. Kidonda kile kilikaa miezi minne. Ngozi isiyosikia inaungua kama ngozi nyingine, ila inapona polepole zaidi. Katika sinema chai inamwagika, na kisha mguu hautajwi tena.

Hiyo ndiyo kasoro yake yote. Kila jambo la mwili linageuzwa mzaha, na mzaha ukiisha jambo limetupwa. Driss anamwosha bwana wake kichwa kwa dawa ya miguu: tunacheka. Anamvalisha soksi ndefu za kubana: tunacheka. Anaambiwa juu ya haja kubwa, jinsi inavyotolewa kwa mkono wenye mfuko wa mpira, anakataa kwa maneno makali: tunacheka kupita yote. Na kazi ile, ambayo kila siku ya mtu huyu inaanza nayo au inaishia nayo, imefunikwa kwa kicheko. Watengenezaji waliita sinema yao kwa jina maana yake «Wasioguswa». Jina lenyewe ni la kuchekesha kuliko walivyodhani! Mtu wa namna ya Philippe huguswa mara hamsini kwa siku. Haishi ila kwa kuguswa.

Katika Amerika waandishi wengine waliikasirikia sinema hii, wakisema imemfanya Mwafrika awe mtu wa kucheza ngoma mbele ya tajiri mweupe. Hawakukosa kabisa. Lakini mimi naona aibu yake iko pengine. Sinema haina haya ya kutuonyesha Driss akicheza. Ina haya ya kutuonyesha Driss akifanya kazi. Kazi ya kumsafisha mtu mzima bila kumfanya mtoto ni kazi ya heshima na ya akili, nayo katika nchi nyingi za Ulaya leo hufanywa na wana na binti za Afrika. Kama wangetuonyesha dakika tano za kazi ile, Driss angekuwa mkubwa zaidi machoni petu, si mdogo.

Msiniambie kwamba sinema haiwezi. Mwaka 1950, katika Amerika, Fred Zinnemann alitengeneza The Men, sinema ya kwanza ya Marlon Brando, juu ya askari aliyepigwa risasi mgongoni. Brando alikwenda kwanza kukaa majuma kadhaa katika hospitali ya askari hao, ndani ya kiti, na wagonjwa wengi wa kweli waliingia katika picha. Mapema katika sinema tunamwona mganga aliyewakusanya wake na mama za wagonjwa akiwaeleza waziwazi mambo ya uti wa mgongo, ya kibofu na ya kuzaa watoto. Mwaka 1950! Baadaye mke mpya anautazama mguu wa mumewe ukitetemeka wenyewe, katika nyumba yao mpya, na uso wake unabadilika. Hakuna aliyekosea, hakuna aliye mbaya. Ni mguu tu unaotetemeka. Nimeona picha chache zenye ujasiri kama ule.

Sinema ninayotaka mwitafute ni nyingine, nayo kwetu haijulikani sana. Inaitwa Patients, ilitoka katika Ufaransa mwaka 2017. Fabien Marsaud, mwimbaji anayejiita Grand Corps Malade, aliitengeneza pamoja na Mehdi Idir, toka kitabu alichokiandika mwaka 2012. Mwaka 1997, akiwa karibu kutimiza miaka 20, alijitupa kichwa mbele katika bwawa la kuogelea ambalo maji yake yalikuwa machache. Alikaa muda mrefu katika nyumba ya kufundishwa upya viungo, huko Coubert, na sinema ilichukuliwa mahali palepale. Katika sinema kijana huyo anaitwa Ben.

Mwanzo hatuoni mtu. Tunaona dari. Taa zinapita juu yetu, nyuso zinainama na kuondoka, maana Ben amelala chali, na kamera imelala naye. Baadaye yumo chumbani, televisheni inafanya kelele zake za kuuza vyombo vya jikoni, naye hawezi kuinua kidole kuibadilisha. Anangoja mtu apite. Mtu hapiti. Sisi nasi tunangoja. Wenye haraka watasema sinema ni nzito. Nawaambia hapo ndipo ilipo busara yake: imejua kwamba jambo kubwa la mtu aliyevunjika mgongo, kupita maumivu na kupita huzuni, ni kungoja. Kungoja kuoshwa. Kungoja kuinuliwa. Kungoja yule aliyeahidi kurudi mara moja. Mtu mzima wa mguu hupoteza nusu saa asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Mtu wa kiti aweza kumaliza saa mbili au tatu, naye bado hajaanza kazi ya siku.

Na mikono ipo. Yupo msaidizi Jean-Marie, anayemsemesha Ben kana kwamba Ben ni mtu wa tatu asiyekuwapo: je, amelala vizuri? je, amekula? Ni namna ya kuudhi na ya kupendeza pamoja, na kila aliyewahi kulazwa hospitalini atamtambua mtu huyo. Ndiye anayefanya kazi ya haja kubwa, mbele yetu, bila ngoma na bila machozi. Tunacheka hapo pia! Lakini kicheko hakifuniki kazi, kinaisindikiza. Tofauti ya sinema hizi mbili iko hapo tu, nami naiona kubwa. Vijana wenyewe wanataniana kwa ukali ambao sisi wa miguu hatungethubutu, wakipima nani amevunjika juu zaidi na nani chini zaidi. Farid, aliye katika kiti tangu utoto, anawafundisha wapya mambo ya kiti kama fundi afundishavyo wanagenzi. Na Ben anapopewa kwa mara ya kwanza kiti cha umeme, akakisukuma kijiti kwa mkono dhaifu, akaenda mwenyewe hata mwisho wa ukumbi, tunafurahi kuliko kwa mbio zote za motokari ya Philippe.

Mganga wa kike anamwambia Ben kwamba mpira wa kikapu, aliotumaini kuishi kwao, umekwisha. Anasema kwa upole, naye hageuzi maneno. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya sinema unaitwa «Espoir adapté», yaani tumaini lililokatwa kwa kipimo cha mwili, kama fundi akatavyo nguo.

Nayo ina kasoro. Ben anasimama. Marsaud mwenyewe alisimama, leo anatembea kwa fimbo, na sinema haiwezi kuukana ukweli wake. Lakini wengi wa wenzake hawasimami, na mlango wa Coubert unapofunguliwa sinema inaisha, palepale maisha ya kila siku yanapoanza. Nyumba ina ngazi ngapi? Mlango wa choo unapitisha kiti? Nani analipa mipira ya mkojo, inayotakiwa mara nne hata sita kwa siku? Hayo hayamo. Labda kwao yana majibu. Kwetu hayana, na kwa hiyo tunayahitaji zaidi.

Sisi Wakongomani tuna kosa letu katika jambo hili. Macho yetu yamezoea watu wa kinga za magurudumu matatu, zile zinazopigwa kwa mikono. Nani asiyewajua walemavu wa Goma waliovusha mizigo mpakani, au wanamuziki wa Kinshasa walioonyeshwa katika sinema Benda Bilili! ya mwaka 2010? Ni watu wa nguvu na wa biashara, nasi twajivunia. Lakini wengi wao walishikwa na polio. Polio inachukua nguvu ya mguu, haichukui hisia ya ngozi. Mwenye polio akikaa vibaya anaumia, anajisogeza. Yaya haumii, basi hajisogezi, asipokumbuka. Kila robo saa anajiinua kwa mikono toka kitini akahesabu polepole. Watu wa barabarani wanamwona akifanya hivyo wakadhani anasali. Asubuhi anajitazama matako kwa kioo kidogo cha kunyolea. Alipotoka hospitalini alipewa kinga kama ile ya wenye polio, yenye kiti cha ubao, akashukuru. Juma la tatu akawa na kidonda. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu wa namna yake ni mto kwanza, kiti baadaye. Mto anaoukalia sasa mkewe aliushona toka mpira wa ndani wa gurudumu la motokari, na hewa yake inapimwa kila Jumamosi.

Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Nimeisoma, ni nzuri. Yaya alipokwenda kuuliza jambo lake katika ofisi moja ya mji, alikuta ngazi saba. Karani alishuka, akamsikiliza pale chini penye jua, mbele ya watu wote waliopita. Alikuwa mtu mwema karani yule. Ila Yaya alitaka kusema mambo ya mwili wake kwa siri, naye akarudi bila kuyasema.

Basi nikamletea Patients, nikidhani nimempa zawadi. Tukaitazama hata mwisho, yeye na mkewe na mimi. Nikaanza kusifu. Akanikatiza: «Mwalimu, ile ya kwanza ni bora.» Nikastaajabu. Nikamkumbusha chai, nikamkumbusha swali lake mwenyewe. Akasema: «Swali langu liko palepale. Lakini mkojo wangu naujua. Wewe wataka niutazame hata katika sinema? Yule tajiri alinyimwa chokoleti kwa sababu hana mikono, nikacheka hata nikalia. Tangu nianguke, hakuna mtu wa hapa aliyenifanyia mzaha. Wananionea huruma tu.»

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Sijabadili hukumu yangu: Patients ni sinema ya kweli kuliko Intouchables. Lakini naona sasa kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya Yaya. Ilitengenezwa kwa ajili yangu, na kwa ajili ya karani wa ngazi saba, na kwa ajili ya wale waliompa kiti cha ubao. Na Intouchables, pamoja na uongo wake, ilimpa Yaya kitu ambacho mimi jirani yake kwa miaka tisa sikuthubutu kumpa.

Jumapili iliyofuata aliniomba niirudishe ile ya tajiri. Nikamwuliza mkewe, aliyekuwa ameketi nyuma yetu akichambua maharagwe, naye angependa ipi. Alichagua ile nyingine. Alitaka kuona tena, akasema, jinsi yule Jean-Marie anavyomshika mgonjwa begani anapomgeuza, maana yeye mgongo wake mwenyewe umeanza kuuma.